Jani Lililotazama Nje

Kashan,
Ijumaa, 12 Aban 1374

Kwa dada yangu Nosrat,

Nakusalimu nikiwa nimekaa chini na ubao wa kuandikia magotini, maana meza yangu yote imetekwa na makaratasi ya mwanao. U hali gani? Mgongo bado unakusumbua asubuhi, au ile dawa ya kuchua imekufaa? Shemeji Heshmat hajambo na tanuri lake? Sisi huku hatujambo kwa kadiri ya umri wetu. Mama miguu imemvimba kidogo tangu baridi ianze, na macho ni yale yale, anaona mwanga na vivuli basi, lakini ulimi wake haujapata ugonjwa wowote. Ameniagiza nikwambie kwamba boksi la peremende mlilotuma limekwisha siku ya tatu na kwamba aliyelimaliza ni mimi. Usimwamini.

Barua hii ni ndefu, na mimi nakujua, ukiona karatasi nyingi unakimbilia mwisho kuangalia kama kuna aliyekufa. Hakuna aliyekufa. Nakuomba usiruke. Golnar anarudi kwako Jumapili kwa basi la asubuhi, na barua hii anayo yeye mkononi, nimeifunga kwa gundi. Ana swali moja la kukuuliza. Nimemwomba asikuulize mpaka uwe umemaliza kusoma, kwa sababu jibu lake ninalo mimi, na nimekaa nalo miaka ishirini na sita. Ningeweza kupiga simu, lakini simu ya dukani huku unaijua, ukisema neno moja jioni, asubuhi linauzwa sokoni pamoja na makomamanga.

Kwanza nikusifie mwanao. Alipofika na ule mkoba wake wa vitabu, Mama alimuuliza amekuja kusoma nini kwenye mazulia ambacho hakipo kwenye vyuo vya Tehran. Akasema amekuja kusoma ulinganifu. Mama akauliza ulinganifu ndio nini, ni ugonjwa? Golnar akamweleza kwa adabu kwamba ni kitu kukisogeza au kukigeuza, kisha kikaonekana kama hakijaguswa. Mama akafikiri kidogo, akasema, "Basi ni babu yako huyo. Tulimhamisha kutoka nyumba ya zamani mpaka hii, na hakubadilika hata unywele." Tulicheka mpaka chai ikapoa.

Siku ya pili akakiomba kile kioo cha kunyolea cha marehemu Baba. Nikadhani anataka kujitazama. Kumbe alikwenda kulala kifudifudi juu ya zulia la sebuleni, akakisimamisha kioo kwenye mstari wa katikati, na nusu ya zulia ikakamilika ndani ya kioo. Akakigeuza, akakisimamisha kwenye kiuno cha zulia, likakamilika tena. Aliniita nione. Dada, mimi ninachora nakshi tangu nikiwa na miaka kumi na sita, na sikuwahi kufanya jambo rahisi namna ile. Akanieleza kuwa vioo viwili vikipita katikati ya umbo, kimoja kimesimama na kingine kimelala, basi mzunguko wa nusu unakuja wenyewe bila kualikwa, yaani ukilizungusha zulia kichwa kikawa miguu, halitajua. Nikamwambia hilo tunalijua, ndiyo maana mchoraji anachora robo moja tu na mfumaji anazifuma tatu zilizobaki kutoka kichwani. Akasema, "Ndiyo, Khala, mnalijua kwa vidole. Mimi nataka nilijue kwa maneno."

Wafumaji wangu walimpa jina siku hiyo hiyo, wakamwita Bibi Kioo. Mmoja wao alimwambia akimaliza zulia ampime na uso wake, kwa sababu mume wake anadai pande mbili hazilingani. Golnar alisimama, akamshika kidevu kama daktari, akampima kwa rula, akamwambia zinalingana isipokuwa upande mmoja umecheka zaidi. Tangu hapo wakampenda, wakawa wanamwekea mkate wa moto kila asubuhi.

Alipofika kwenye ukingo ndipo aliponitia adabu. Akasema pambo lolote la ukingo, lirudiwe vyovyote vile, duniani kote haliwezi kupita aina saba. Nikabisha. Nikamtolea michoro yangu yote ya miaka yote, kingo hamsini na kitu, nikamwambia hesabu. Alikaa nayo kutwa nzima, akaipanga kwenye mafungu sakafuni. Mafungu yalikuwa matano. Mengine mawili, alisema kwa upole, sijawahi kuyafikiria. Kati ya yale matano kuna lile ambalo jani moja linakuwa juu, linalofuata linakuwa chini, likiwa limesogea na kugeuka kwa wakati mmoja, kama nyayo za mtu anayetembea kwenye vumbi. Hilo nililichora kwenye zulia la msikiti na nikajisifu mwaka mzima kuwa nimelibuni. Kumbe nilikuwa nazunguka ndani ya chumba chenye milango saba.

Nimekuandikia haya yote kwa sababu ni ya kweli na yamenifurahisha, lakini pia kwa sababu ninachelewesha. Unanijua.

Kuna jioni tulikuwa tunasafisha mboga, mimi, Mama na Golnar. Nikamuuliza, kwa kumtania tu, hii akili ya hesabu ameitoa wapi, maana ukoo wa Heshmat ni watu wa sukari na unga. Nikamwambia lazima ni ya mama yake. Akacheka, akasema hapana, mama hawezi kabisa vitu hivi. Akasema tangu yuko shule ya msingi, akikuletea hesabu za maumbo ulikuwa unasukuma daftari na kusema, "Muulize baba yako, mimi macho yangu huniongopea." Halafu akasimulia, bado anacheka, kwamba mpaka leo dukani ukipanga baklava kwenye boksi unamwita mtu aje ahakikishe kama pande zote mbili ziko sawa, na siku zote ziko sawa, na bado unaita. Akasema Heshmat hukutania kwamba wewe ndiye mke pekee wa Yazd anayehitaji shahidi wa kufunga boksi.

Mama aliendelea kuchambua mboga. Mimi nilisimama nikaenda uani, nikajifanya natafuta chumvi. Uani hakuna chumvi. Nilisimama pale karibu na ule mti wa komamanga na nikalia, dada, sitakuficha. Nilikuwa sijui. Miaka yote nilidhani nilikunyang'anya kazi tu. Sikujua kuwa nilikunyang'anya na macho.

Kesho yake Golnar akaniomba mbao za nakshi, zile zilizopakwa miraba ya rangi fundo kwa fundo, za zulia lile alilolichora Ustadhi Mirza, lile ambalo mimi na wewe tulikuwa wa kwanza kulifuma, mwaka ule wa theluji. Limefumwa mara nyingi tangu wakati huo, nyumba tatu za Kashan zinalo, na moja liko pale pale sebuleni kwetu. Nilitaka kumwambia mbao zimeliwa na mchwa. Sikuweza, kwa sababu zilikuwa zimening'inia nyuma yangu. Akazishusha, akazipanguza vumbi.

Unakumbuka jinsi nakshi ile ilivyo. Katikati kuna ua kubwa, na kila pembe ya zulia ni robo ya ua lile lile, kana kwamba mtu amelikata mara nne na kulisukuma pembeni. Weledi wote wa Ustadhi Mirza ulikuwa humo. Lakini pembe iko kwenye ubao wa kwanza na ua la kati liko kwenye ubao wa nne, na wafumaji wanafunga ubao mmoja mmoja, kwa hiyo hakuna anayeviweka pamoja. Golnar aliviweka. Alichukua karatasi nyembamba inayopitisha mwanga, akachora pembe, akailaza juu ya ua la kati. Kila kitu kikakaa mahali pake, shina, maua, mpaka vile vichipukizi vidogo. Isipokuwa jani moja. Kwenye ua la kati linatazama nje. Kwenye pembe linatazama ndani.

Alihesabu miraba iliyotofautiana, ikaenea mistari kumi na miwili. Akanijia na ubao, akauliza kama Ustadhi alikusudia. Nikasema wachoraji wazee walikuwa na mambo yao. Hakuridhika. Akaenda sebuleni akaangalia zulia, akarudi akasema pembe zote nne za zulia zina jani linalotazama ndani, zinalingana zenyewe kwa zenyewe kwa uzuri kabisa, ndiyo maana kioo chake hakikuona kitu. Kosa likirudiwa mara nne bila kukosea, alisema, kioo kinalipitisha. Hakuwa ananisema mimi. Alikuwa anafurahi kama mtu aliyeokota pete. Kisha akaupeleka ubao dirishani, akalowanisha kidole kwa mate, akasugua polepole ule wekundu uliofifia pembeni mwa jani. Chini yake kukatokea kijani. Jani la kwanza lilikuwa bado lipo pale chini, linatazama nje.

Akasema, "Khala, hapa kuna mtu alipaka juu." Akasema atamuuliza mama yake, kwa sababu mama aliwahi kufuma kutoka kwenye mbao hizi, huenda anakumbuka. Nilimwambia asikuulize. Akaniuliza kwa nini. Nadhani uso wangu ulimjibu, kwa sababu hakurudia. Jioni alikuja kukaa karibu nami, akasema taratibu kwamba hatasema neno mpaka Jumapili, lakini baada ya hapo hawezi kunyamaza, wewe ni mama yake. Amekulelea binti mwenye haki, Mungu akulipe. Nimeandika "amekulelea", nilitaka kuandika umemlea. Unaona nilivyo.

Sasa nasema.

Unaikumbuka siku yenyewe kuliko mimi, ila kuna sehemu ambayo hukuiona. Tulikuwa tumekaa kwenye benchi ya mtambo wa kufumia, mimi kulia na mbao mbele yangu, wewe kushoto. Mimi ndiye niliyekuwa nasoma rangi za miraba kwa sauti, wewe unaitikia na kufunga, mimi naelekea kulia kutoka katikati, wewe unaelekea kushoto. Ndiyo ilikuwa kanuni ya Baba, na ya kila nyumba mtaa ule. Anayesoma anaona, anayeitikia anasikia. Wa kushoto hana ruhusa ya kufikiri, maana akifikiri yeye na akifikiri mwenzake, zulia linakuwa mawili.

Nilikuwa na hasira tangu asubuhi. Ustadhi Mirza alikuja usiku uliotangulia, akakuona ukichora kwa mkaa kwenye sakafu ya jiko nusu ya juu ya zulia ambalo lilikuwa halijafika hata robo. Akamwambia Baba, zulia hili likishuka mtamboni, nipeni huyu binti aje akae kwenye meza yangu ya kuchora nakshi. Mimi nilikuwa namimina chai. Hakunitazama hata mara moja. Usiku kucha nilijiuliza wewe una nini ambacho mimi sina, na jibu lilikuwa linakoroma pembeni yangu na miguu ya baridi.

Basi nilikuwa nasoma huku roho iko kwingine, na nikalisoma jani lile kinyume. Niliita kijani mahali pa nyekundu. Wewe ukasimamisha mkono. Ukaniambia, kwa sauti ya chini ili Baba asisikie, "Tuba, tazama tena." Nami nikakujibu kwa sauti kubwa ili Baba asikie, "Wewe funga unachosomewa." Hukubishana. Uliitikia nilivyoita, na ukafunga unavyojua. Ulikuwa umeliona jani lile ubaoni jana yake wakati wa kufagia, na ulikuwa na zulia zima kichwani. Ulidhani na mimi nitaona na kujirekebisha, na kwamba mambo yataisha kimya kimya. Ulikuwa unanistahi.

Tulikwenda hivyo mistari kumi na miwili. Kabla ya adhuhuri Baba akapita, akasimama nyuma yetu, akasema jani la kulia linatazama ndani na la kushoto linatazama nje, ni nani kati yenu amelewa? Ulisema linatazama nje. Mimi nikasema ndani. Akasema atakwenda kutawadha na kuswali, kisha atakuja kuutazama ubao, na aliyekosea atafumua. Wewe ukaenda kumsaidia Mama na sufuria. Mimi nikabaki.

Niligeuza macho kwenye ubao kwa mara ya kwanza tangu uniambie nitazame tena. Jani lilikuwa linatazama nje.

Kile kiboksi cha rangi cha Baba, alichokuwa akipakia upya miraba iliyochakaa, kilikuwa kwenye kishubaka. Haikuchukua muda. Nyekundu juu ya jani la zamani, kijani kwa jani jipya, nikapuliza likauke. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, na ningependa kukwambia niliogopa kipigo. Niliogopa, lakini si hivyo tu. Nilipokuwa napaka nilikuwa nawaza meza ya Ustadhi Mirza. Niliwaza vizuri kabisa, kwa utulivu.

Baba akaja, akatazama ubao, akakuonyesha kwa kidole. Sijasahau jinsi ulivyotazama. Hukunitazama mimi. Uliinama mpaka pua ikakaribia kugusa, ukakaa hivyo, kisha ukasema, "Basi macho yangu yameniongopea." Ulisema kwa mshangao tu, bila uchungu, kama mtu aliyeambiwa kuwa jina lake si lake. Ungenishtaki, ungepiga kelele, labda ningekiri. Baba akasema binti asiyeweza kufuata nakshi atachoraje nakshi, na siku ile ile akatuma ujumbe kwa Ustadhi kwamba atampelekea mdogo, yule anayesoma sawasawa. Wewe ukafumua mistari kumi na miwili iliyokuwa sahihi, fundo kwa fundo, ukaifunga upya ikiwa kosa. Nilikuwa nakusomea. Niliita kijani, ukaitikia kijani.

Tangu siku hiyo ulianza kuniuliza kila kitu mara mbili. Mwaka haukuisha, Heshmat akaja kuposa, nawe ukakubali upesi hata Mama akashangaa. Mimi nikakaa kwenye meza ya Ustadhi, na alipokufa nikabaki nayo. Watu hunisifu. Kila wakinisifu mimi hutoa shukrani kwa kichwa kilichoinama, wakadhani ni unyenyekevu.

Jumatano nilimwambia Mama. Nilitaka asikie kwangu kabla ya kwako. Nilisema yote nikiwa nimemshika mkono, nikangoja anivute nywele kama zamani. Akasema, "Nilijua." Akasema siku ile ile mchana, tulipokuwa tunakula, aliona kijani chini ya ukucha wa kidole gumba changu, na siku hiyo hatukuwa na sufu ya kijani iliyolowa ndani ya nyumba. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akauchomoa mkono wake mkononi mwangu. Kisha akasema, "Nosrat alikuwa na akili, popote angetupwa angeishi, lakini wewe bila mtu kukupa mahali ungekuwa nani?" Alisema aliwapima wanawe wawili kwenye mizani, akampa aliyepungua. Akasema hajapata usingizi mzuri tangu uolewe, na kwamba anataka kusikia sauti yako lakini anaogopa. Ndivyo alivyosema, na mimi nimekuandikia bila kupunguza, ingawa imeniuma kuliko kipigo. Usimchukie. Kama ni lazima kuchukia, mimi nipo.

Sikuombi msamaha kwa barua hii. Siku moja nitakuomba, nikiwa mbele yako, na unaweza kunifungia mlango. Leo nataka jambo moja tu likufikie bila kuchanganywa na shida zangu. Macho yako hayakukuongopea. Jani lilikuwa linatazama nje. Uliliona mara moja, kwa mwanga wa jioni, ukiwa na ufagio mkononi, na ulikuwa sahihi, na uliendelea kuwa sahihi ulipokuwa unafumua. Kila boksi la baklava ulilolifunga kwa shahidi lilikuwa sawa kabla shahidi hajaja.

Golnar anaandika kitabu chake cha chuo, na ameacha ukurasa mmoja mtupu. Juu yake ameandika kwa nini pembe hazilingani na ua la kati, na chini hakuna kitu. Mwalimu wake atataka sababu. Aliniuliza aandike nini, nikamwambia hilo si langu kuamua, ni la mama yake. Ukitaka aandike kuwa ni kosa la mchoraji asiyejulikana, ataandika hivyo na hakuna atakayejua. Ukitaka aandike ukweli, basi barua hii ni ushahidi, na nimeiandika kwa wino, bila kufuta mahali hata pamoja, hata pale nilipokosea. Kashan nzima itasoma, na wafumaji wangu wanajua kusoma. Nimekwisha kuliwaza hilo, nalo halinizuii.

Msalimie Heshmat na majirani wote wanaonikumbuka. Mama anakubusu machoni, amesisitiza niandike machoni. Mvae nguo nzito, wanasema Yazd nako baridi mwaka huu imewahi. Mungu akulinde na akupe afya.

Wako,
Tuba, binti ya Yadolah mfumaji, aliyelipaka jani kwa mkono wake. Jina hili Golnar anaweza kulinakili kama lilivyo.